Gandhi: kijana aliyekula nyama kwa siri, kisha akaiacha kwa hiari yake

Kijana wa miaka 16 akisema nyumbani, iwe Masisi-centre au Walikale-centre, kwamba hatakula nyama tena, maswali yanaanza papo hapo. Ni mgonjwa? Amehamia kanisa lingine? Anadharau chakula cha mama yake? Kwetu nyama ni heshima. Mgeni huchinjiwa kuku, na harusi huchinjiwa mbuzi au ng'ombe. Anayeikataa anaonekana kama anawakataa watu waliomwandalia.

Jambo hilo lilimsumbua pia mtu ambaye dunia nzima inamjua: Mohandas Karamchand Gandhi, kiongozi aliyeiongoza India kutafuta uhuru bila kushika silaha. Wengi wanamkumbuka kwa picha ya mzee mwembamba mwenye fimbo na nguo nyeupe. Hapa Kivu ya Kaskazini, wengine wamesikia habari za nchi yake kupitia askari wa India wa MONUC, kisha MONUSCO, waliokaa miaka mingi Masisi na Walikale. Baadhi yao hawagusi nyama kabisa, na huenda uliwahi kujiuliza askari anapataje nguvu kwa wali, dengu na maziwa.

Gandhi naye alijiuliza hivyo alipokuwa kijana. Jibu lake la kwanza lilikuwa kula nyama, na aliila kwa kujificha.

Nyumba isiyopikwa nyama

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 huko Porbandar, mji wa bandari magharibi mwa India. Baba yake, Karamchand, alikuwa waziri mkuu wa utawala mdogo wa mtemi wa hapo. Mama yake, Putlibai, alikuwa mtu wa sala na mifungo mingi. Gandhi alipokuwa na miaka saba hivi, familia ilihamia Rajkot.

Walikuwa Wahindu wa ukoo wa wafanyabiashara, na katika eneo lao dini ya Jaini, inayokataza kuua kiumbe chochote, ilikuwa na nguvu kubwa. Nyama haikuingia nyumbani kwao. Kwa wazazi wake haikuwa suala la afya wala la bei. Ilikuwa dhambi, na mtoto wa nyumba hiyo kula nyama kungekuwa msiba.

Mohandas hakuwa mtoto shujaa. Aliogopa giza, wezi, nyoka na mizimu, na usiku hakuweza kulala bila taa. Aliozeshwa akiwa na miaka 13 tu, kwa Kasturba, msichana wa rika lake, na alimwonea mke wake haya kwa sababu yeye hakuogopa giza.

Rafiki na nyama ya mbuzi

Wakati huo alikuwa na rafiki aliyeitwa Sheikh Mehtab. Alikuwa na mwili wa nguvu, mkimbiaji na mrukaji hodari, na alijigamba kwamba nyoka na mizimu havimtishi. Siri ya nguvu hizo, alimweleza Gandhi, ilikuwa nyama. Akaongeza hoja ya siasa: Waingereza wachache wanawatawala Wahindi wengi kwa sababu Waingereza wanakula nyama. Wahindi wakila nyama wote, watapata nguvu na kuwafukuza wakoloni.

Kwa kijana aliyejiona mnyonge katika nchi iliyotawaliwa na wageni, maneno hayo yalikuwa matamu. Hakuvutwa na ladha. Alitaka kuwa na nguvu na kuiona nchi yake huru, akaamini kwamba njia ya kufika huko inapita kwenye sahani ya nyama.

Walikwenda mahali pa faragha kando ya mto, wakiwa na nyama ya mbuzi na mkate wa dukani. Nyama ilikuwa ngumu kama ngozi, na ilimshinda. Usiku alipata ndoto mbaya: kila alipofumba macho, alihisi mbuzi mzima analia tumboni mwake.

Rafiki hakukata tamaa. Alitafuta nyumba ya wakubwa yenye meza na viti, akapatana na mpishi, nyama ikapikwa vizuri na viungo. Gandhi akaanza kuipenda. Jambo hilo liliendelea karibu mwaka mzima, lakini kwa sababu ya gharama karamu hizo hazikuzidi sita hivi.

Uongo ulikuwa mzito kuliko nyama

Kila aliporudi kutoka karamu, mama yake alimpakulia chakula. Gandhi akasema hana njaa, tumbo linamsumbua. Mama hakuwa na sababu ya kumshuku. Hapo ndipo moyo wa kijana ulipoanza kumuuma. Alijua kwamba wazazi wakigundua watavunjika moyo, na alijua pia kwamba anawadanganya kila mara.

Uamuzi wake ulikuwa wa ajabu kidogo. Hakuacha nyama kwa kumhurumia mbuzi, na bado aliamini kwamba Wahindi wanapaswa kula nyama ili wapate nguvu. Aliona tu kwamba kumdanganya baba na mama ni kubaya kuliko kukosa nyama. Akajiambia kwamba wazazi wakiwa hai hataila, na siku atakapokuwa huru ataila hadharani. Hakuila tena maisha yake yote.

Muda si mrefu, akiwa na miaka 15, alikata kipande cha dhahabu kwenye bangili ya kaka yake ili kulipa deni. Dhamiri ilimshika tena. Aliandika ungamo kwenye karatasi na kumpa baba yake, aliyekuwa mgonjwa kitandani. Alitegemea kipigo. Baba alisoma, machozi yakamtiririka, akaichana karatasi na kulala tena bila neno la hasira. Karamchand alifariki mwaka 1885. Kijana alibaki na somo kwamba ukweli unaweza kuuma bila kuvunja nyumba.

Ahadi kwa mama

Mwaka 1888 rafiki wa familia alishauri Mohandas apelekwe Uingereza kusomea sheria. Mama aliogopa, kwa maana alikuwa amesikia kwamba vijana wakifika kule wanapotea, na kwamba mtu hawezi kuishi kwenye baridi ile bila nyama na pombe. Mtawa mmoja wa Jaini aliyekuwa mshauri wa familia, Becharji Swami, akatoa njia: kijana aape mbele ya mama yake kwamba hatagusa pombe, wanawake wala nyama. Akaapa, na mama akampa baraka.

Wazee wa ukoo wake huko Bombay walimtenga kwa sababu ya kuvuka bahari. Hakurudi nyuma. Tarehe 4 Septemba 1888 alipanda meli, akiwa karibu kufikisha miaka 19, akimwacha Kasturba na mtoto mchanga.

Njaa ya London

Melini aliona haya kuuliza ni chakula gani kina nyama, basi akala matunda na vitu vitamu alivyobeba, peke yake chumbani. Abiria wa Kiingereza walimwambia kwa wema kwamba baridi ikianza atahitaji nyama. Hakuikubali.

London ilikuwa ngumu zaidi. Mboga zilichemshwa bila chumvi wala viungo, naye akashindwa kuzila. Katika nyumba alizopanga alipewa vipande viwili au vitatu vya mkate, akaona aibu kuomba vingine. Rafiki mmoja Mhindi alikasirika, akamwambia kwamba ahadi kwa mama asiyesoma, asiyejua hali ya Ulaya, haina maana. Akamsomea hata kitabu cha falsafa ili kumshawishi. Gandhi alijibu kwamba hawezi kubishana naye, lakini ahadi ni ahadi.

Alianza kutembea mjini, kilomita nyingi kila siku, akitafuta mkahawa usiouza nyama, na mara nyingi akishiba mkate mkavu tu. Siku moja akaupata, katika mtaa wa Farringdon. Dirishani palikuwa na vitabu vya kuuzwa. Alinunua kimoja kwa shilingi moja, kitabu cha Henry Salt, mwandishi Mwingereza aliyetetea maisha bila nyama. Akaingia, akala chakula cha kwanza cha kushiba tangu afike Uingereza.

Kitabu hicho alikisoma mwanzo hadi mwisho, nacho kilimbadilisha. Mpaka siku hiyo alikuwa anajinyima nyama kwa ajili ya mama yake, huku akitamani siku moja Wahindi wote waile. Kuanzia hapo aliamua kwa akili yake mwenyewe kwamba mtu hana haja ya kuua mnyama ili aishi. Mwingereza, mtu wa taifa lile lile aliloambiwa lina nguvu kwa sababu ya nyama, ndiye aliyemwonyesha thamani ya chakula cha nyumbani kwao.

Kijana mwenye haya akapata watu wa kushirikiana nao. Aliingia katika kamati ya chama cha wasiokula nyama cha London, akaanzisha klabu ndogo katika mtaa wa Bayswater, na mwaka 1891 aliandika makala zake za kwanza katika gazeti la chama hicho. Kwa muda mfupi alijaribu kula mayai, kwa kuwa kuna wasemao yai si nyama. Kisha akakumbuka kwamba kwa mama yake yai lilihesabiwa pamoja na nyama. Aliona kwamba maana ya ahadi ni ile aliyoielewa mwenye kuahidiwa, akayaacha.

Alipata uanasheria Juni 1891 na kurudi India mara moja. Alipofika aliambiwa kwamba Putlibai alikuwa amekwisha kufariki. Ndugu zake walimficha habari hiyo asiipate akiwa ugenini. Mama hakuishi kusikia kwamba mwanawe alitimiza neno lake.

Kupitia pwani ya Waswahili

Aprili 1893 alisafiri kwenda Afrika Kusini kufanya kazi kwa mfanyabiashara Mwislamu kutoka India, Dada Abdulla. Meli yake ilipita Lamu, Mombasa na Zanzibar. Lamu karibu aachwe na meli kwa kukawia nchi kavu, na Zanzibar alikaa zaidi ya wiki moja akisubiri meli nyingine. Juni mwaka huo alitolewa kwa nguvu kwenye behewa la daraja la kwanza huko Pietermaritzburg kwa sababu ya rangi yake, na hapo ndipo safari yake ya siasa ilipopamba moto.

Msomaji Mwafrika ana haki ya kujua upande mwingine. Katika miaka yake ya kwanza huko, Gandhi aliandika maneno ya kuwadharau Waafrika weusi, akiwatetea Wahindi peke yao. Kwa sababu hiyo, sanamu yake iliondolewa kwenye Chuo Kikuu cha Ghana Desemba 2018. Fikra zake zilibadilika kadiri alivyokua, lakini maneno yale yalibaki kwenye maandishi.

Hata katika chakula hakuwa mwalimu asiyekosea. Mkahawa wa wasiokula nyama alioutegemeza kwa fedha huko Johannesburg ulifilisika, akapoteza pauni 1,000 za mteja wake, na alizilipa kutoka mfukoni mwake. Mtoto wake Manilal, akiwa na miaka kumi, aliugua homa kali ya tumbo pamoja na mapafu. Daktari alitaka apewe mayai na mchuzi wa kuku. Gandhi alikataa, akamtibu kwa maji na vitambaa baridi. Mtoto alipona. Lakini mzazi wa leo asichukue jambo hilo kama mfano: baba alikuwa ameweka msimamo wake juu ya uhai wa mtoto.

Maziwa na mbuzi

Mwaka 1912, akiwa Afrika Kusini, alikwenda mbali zaidi: aliacha hata maziwa, akaishi kwa matunda na karanga. Leo watu wa namna hiyo, wasiokula chochote kinachotoka kwa mnyama, wako wengi Ulaya na Marekani.

Mwili haukukubali. Mwaka 1918 aliugua tumbo la kuhara damu mpaka akajiona yuko karibu kufa. Madaktari walimsihi anywe maziwa, akasema ameapa. Kasturba ndiye aliyekata fundo hilo: kiapo kilitolewa akifikiria ng'ombe na nyati wa kufugwa, basi maziwa ya mbuzi yana tatizo gani? Gandhi alikunywa, akapona, na akaendelea nayo mpaka mwisho. Lakini alikiri kwamba jambo hilo lilimchoma. Kwa mama yake alifuata roho ya ahadi, na hapa alifuata maneno tu.

Sayansi baadaye imetusaidia kuelewa. Vitamini B12, inayohitajiwa na damu na mishipa ya fahamu, haipatikani ya kutosha kwenye mimea. Inapatikana kwenye maziwa, mayai, samaki na nyama. Ilitambuliwa maabarani mwaka 1948, mwaka ule ule aliofariki Gandhi.

Na ile hoja ya nguvu? Mwaka 1930, akiwa na miaka 60, aliongoza matembezi ya kupinga kodi ya chumvi: kilomita 385 hivi kwa miguu katika siku 24. Ni mbali kuliko kutoka Goma mpaka Walikale-centre. Mwaka 1947 Waingereza waliondoka India, na aliyewasumbua kuliko wote hakuwa mla nyama.

Novemba 1931 alirudi London na kuhutubia chama kile cha ujana wake. Henry Salt, akiwa mzee wa miaka 80, alikaa karibu naye. Gandhi aliwaeleza kwamba anayeacha nyama kwa ajili ya afya peke yake huanguka upesi, kwa sababu akiugua ataambiwa arudie nyama. Ni sababu ya moyo inayomshika mtu. Akawaonya pia wasiwadharau wanaokula nyama.

Ng'ombe na damu ya watu

Onyo hilo lilikuwa zito katika nchi ambako watu waliuana kwa sababu ya ng'ombe. Kwa Mhindu ng'ombe ni mtakatifu, na kwa Mwislamu ni chakula. Katika kitabu alichoandika mwaka 1909, Gandhi alieleza kwamba anampenda ng'ombe, lakini hawezi kumwua Mwislamu ili kumwokoa ng'ombe. Angemsihi jirani yake, na akishindwa, angemwacha ng'ombe afe. Julai 1947, wengi walipodai sheria ya kukataza kuchinja ng'ombe India nzima, alikataa, kwa kuwa nchi haikuwa ya Wahindu peke yao. Tarehe 30 Januari 1948 aliuawa kwa risasi na Mhindu mwenye msimamo mkali aliyemwona kuwa anawapendelea Waislamu. Alikuwa na miaka 78.

Sisi hatuhitaji kwenda India kulielewa hilo. Tangu vita vya 1993 vilivyoanzia soko la Ntoto, Walikale, na kuenea Masisi, ng'ombe wameporwa na kuchinjwa makundi kwa makundi, na watu wamekufa kwa sababu ya malisho na mifugo. Kwetu pia ng'ombe amekuwa alama ya nani ni wa huku na nani si wa huku. Gandhi, aliyemheshimu ng'ombe kuliko wengi, alikataa katakata kumweka juu ya binadamu.

Kukosa si kuacha

Masisi ni nchi ya maziwa, jibini, maharagi na viazi. Walikale ni nchi ya bugali wa muhogo, sombe, ndizi, mafuta ya mawese na nyama ya pori. Familia nyingi, hasa zilizokimbia makwao, hupitisha wiki bila kipande cha nyama. Hizo zimekosa, hazikuacha. Gandhi aliweza kuchagua kwa sababu kwao palikuwa na dengu, maziwa na samli.

Kwa hiyo kijana anayetaka kufuata njia hiyo aanze na sahani yake, si ya wadogo zake. Mtoto mdogo anayenyemelewa na utapiamlo anahitaji maziwa, yai, sambaza, uji wa soya na chochote cha kujenga mwili, na hapo si mahali pa kujaribu msimamo. Kijana mwenyewe akibaki na maziwa au mayai, pamoja na maharagi, karanga, soya, sombe na lenga-lenga, anaweza kuishi vizuri bila nyama. Huko Walikale, kuna sababu ya ziada ya kuacha walau nyama ya pori: sokwe wakubwa wa nyanda za chini wanaoishi Maiko, Tayna na Kahuzi-Biega wamepungua sana tangu miaka ya 1990, na mojawapo ya sababu kubwa ni kuwindwa ili kulisha wachimbaji wa madini.

Na wazazi? Putlibai hakumpiga mwanawe wala kumfungia. Alimweleza hofu yake, akamwomba neno, akamwamini. Mohandas naye alijifunza mapema kwamba chakula anachokula mtoto kwa kuwaficha wazazi kinamchoma tumboni, kiwe nyama au mboga. Mama akiuliza kwa nini hukula, mwambie ukweli.